Somo la Redio: Kumdhamini Mtoto Aende Kuishi kwa Mzazi Wake Ng'ambo

 

Fungueni madaftari yenu. Mwalimu wa darasa ataandika ubaoni maneno matano, nanyi myasome kwa sauti: mdhamini, mlezi, mkaazi, cheti, kiapo. Yasomeni mara ya pili. Vema. Maneno hayo mtayakuta katika somo la leo, na pia katika karatasi ambazo huenda siku moja mtaletewa mzitie sahihi.

Mji wetu wa Makambako ni njia panda. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana hapa na ile ya kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA yapita hapa hapa. Mahali pa namna hii watu huja na watu huondoka. Kijana huondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi au masomo, na mmoja mmoja hufika mbali zaidi, ng'ambo ya bahari. Mtoto wake humwacha kwa nani? Humwacha kwa bibi na babu. Miaka yapita. Halafu siku moja simu inalia: "Mama, nimepata ukaazi huku. Sasa nataka kumchukua mtoto."

Je, wewe bibi, wewe babu, utafanya nini? Somo letu ni hilo. Kila nchi ina sheria yake, nasi hatuwezi kuzisoma zote leo. Tutachukua nchi moja, Kanada, tuitazame kwa taratibu, maana sheria yake imeandikwa wazi na itatufundisha mambo yanayofaa hata kwa nchi nyingine.

MDHAMINI NI NANI?

Mdhamini ni mtu anayeiahidi serikali kwamba atamtunza mwenzake, ili serikali isije ikabeba mzigo huo. Kwa sheria ya Kanada, mdhamini sharti awe ametimiza miaka 18, awe raia wa Kanada au mkaazi wa kudumu. Kama ni mkaazi tu, yampasa awe anaishi huko Kanada wakati anapoomba. Mtu anayekula fedha za msaada wa serikali hawezi kuwa mdhamini, isipokuwa kama anazipata kwa sababu ya ulemavu. Aliyefilisika na bado hajaachiliwa na sheria, huyo naye hawezi.

Mkaazi wa kudumu si raia. Ni mgeni aliyepewa ruhusa ya kuishi, kufanya kazi na kusoma bila ukomo wa miaka, lakini pasipoti yake hubaki ile ile ya Tanzania. Naye ana sharti lake: katika kila miaka 5, awe Kanada kwa siku zisizopungua 730. Hebu tufanye hesabu. Mwaka una siku 365. Siku 730 ni miaka mingapi? Ni miaka 2. Kwa hiyo katika miaka 5, miaka 2 iwe ya Kanada. Mjukuu wako akienda, anaweza kurudi kukusalimu, hata akakaa, lakini asiisahau hesabu hiyo.

Ahadi ya mdhamini nayo ina hesabu yake. Akimdhamini mtoto wake aliye chini ya miaka 22, huahidi kumtunza kwa miaka 10, au mpaka mtoto atimize miaka 25, lolote litakalotangulia. Sheria hiyo ni ya Kanada yote, isipokuwa jimbo la Quebec, ambalo lina taratibu zake. Mtoto akifika huko akiwa na miaka 9, ahadi itakwisha lini? 9 na 10 ni 19. Na akifika akiwa na miaka 18? 18 na 10 ni 28, lakini 25 inatangulia. Basi ahadi ni ya miaka 7. Andikeni hesabu hizo mbili katika madaftari.

MTOTO NI NANI?

Hapa, wazee wangu, ndipo watu wengi wanapojikwaa. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Anakuita mama mdogo au mama mkubwa, nawe humbagui na wale uliowazaa. Mtoto wa kaka yako anakuita baba. Hiyo ndiyo heshima yetu, wala si uongo.

Lakini karatasi ya Kanada inapouliza, "Je, una watoto wangapi?" haiulizi kwa desturi yetu. Yauliza watoto uliowazaa mwenyewe, au uliowaasili kwa hukumu ya mahakama. Mtoto wa dada yako ukimwandika kuwa umemzaa wewe, mbele ya sheria ile umesema uongo. Mwenye kusema uongo katika maombi anaweza kufungiwa mlango kwa miaka 5. Na siku hizi afisa akiwa na shaka anaweza kutaka damu au mate vipimwe, vionyeshe nani kazaa nani. Kipimo hicho hakijui desturi.

Tena mtoto anayedhaminiwa na mzazi wake sharti awe chini ya miaka 22, na asiwe na mume wala mke. Umri huo umepata kubadilika. Mwaka 2014 sheria ilishushwa ikawa chini ya miaka 19. Tarehe 24 Oktoba 2017 ikarudishwa chini ya 22. Umri huhesabiwa siku ile maombi kamili yanapopokelewa. Mtoto aliyezaliwa tarehe 14 Juni 2005 atatimiza miaka 22 tarehe 14 Juni 2027. Maombi yakipokelewa tarehe 13 Juni, ni mtoto. Yakipokelewa tarehe 14, si mtoto tena. Siku moja tu! Mwenye ulemavu wa mwili au wa akili asiyeweza kujitegemea tangu kabla ya miaka 22, huyo huhesabiwa mtoto hata akizidi umri huo.

Na mkimwoza binti huku maombi yanaendelea, mmemfungia njia wenyewe. Akisha kuolewa, katika sheria ile si mtoto tena wa kudhaminiwa na mzazi.

NA YATIMA JE?

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Njombe. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba mkoa wetu ndio uliokuwa na sehemu kubwa kuliko mikoa yote ya watu wazima wenye virusi vya UKIMWI: karibu watu 13 katika kila watu 100. Leo dawa zipo, na mwenye kuzitumia vizuri anaishi na kulea wanawe. Lakini kabla dawa hazijaenea wazazi wengi walikufa, na wako watoto wasio na baba wala mama.

Sheria ya Kanada inampa mtu ruhusa ya kumdhamini ndugu yake mdogo, mtoto wa ndugu yake, au mjukuu wake, ikiwa mtoto huyo ni yatima wa baba na mama, hajatimiza miaka 18, wala hajaoa au kuolewa. Sikilizeni vizuri: yatima wa baba na mama. Mzazi mmoja akiwa hai, hata kama amepotea au yuko gerezani, mlango huu haufunguki. Na mdhamini wa yatima hupimwa kipato chake pia, jambo ambalo kwa kawaida halidaiwi kwa mzazi anayemdhamini mtoto wake mwenyewe.

Basi shangazi aliyeko Toronto, akitaka kumchukua mtoto wa marehemu kaka yake, asiandike "mwanangu." Aandike ukweli: "mtoto wa kaka yangu, yatima." Ukweli una njia yake halali. Na ushahidi wake ni vyeti viwili vya kifo, cha baba na cha mama. Je, mlivichukua? Wengi wetu tukisha kuzika twarudi shambani. Kifo huandikishwa kama kuzaliwa kunavyoandikishwa. Nendeni mkaandikishe, hata kama miaka imepita.

KOSA LA KUMFICHA MTOTO

Sasa tusikie jambo zito kuliko yote katika somo hili.

Tuseme binti mmoja alizaa akiwa bado msichana. Mtoto akabaki kwa bibi. Binti akaenda kusoma, akafika Kanada, akaomba ukaazi wa kudumu. Karatasi ikamwuliza juu ya watoto wake wote, walio pamoja naye na wasio pamoja naye. Yeye akaona haya. Au mjanja mmoja akamwambia, "Usimtaje mtoto, utachelewesha mambo." Akaandika: sina mtoto. Akapewa ukaazi.

Miaka 5 baadaye ana kazi, ana nyumba, anataka kumchukua mwanawe. Serikali yafungua jalada lake la zamani na kusoma: sina mtoto. Kwa sheria ya Kanada, mtoto ambaye hakutajwa wala hakupimwa afya wakati mzazi wake anapata ukaazi, hahesabiwi tena katika jamaa wanaoweza kudhaminiwa. Tena mama mwenyewe anaweza kuulizwa kwa nini alidanganya.

Ni kweli kwamba serikali yaweza kumhurumia mtu kwa sababu za kibinadamu. Ni kweli pia kwamba tarehe 9 Septemba 2019 ilianzishwa ruhusa ya muda kwa baadhi ya watu wa namna hiyo, hasa wale ambao, hata kama wangewataja watoto wao, bado wangepewa ukaazi. Lakini huruma si haki. Mtu huiomba, naye anaweza kunyimwa.

Basi wewe mzazi uliye hapa, kama una mwana aliye ng'ambo na hajapata bado ukaazi, mpigie simu jioni ya leo. Mwambie hivi: "Mwanangu, mtaje mtoto wako. Mtaje hata kama hutamchukua sasa. Mtaje hata kama yuko kwa baba yake. Hapana haya katika jambo hili." Huenda neno hilo moja likamfaa mjukuu wako kuliko fedha utakayompa.

KAZI YA MLEZI ALIYE LYAMKENA

Msidhani kwamba kazi yote ni ya huyo aliye Kanada. Sehemu kubwa ni yako wewe mlezi. Tutaitaja moja moja.

Kwanza, cheti cha kuzaliwa. Cheti hiki hutolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa watoto walio chini ya miaka 5, mkoa wetu ni mmoja wa mikoa iliyoingizwa katika mpango wa kuandikisha watoto bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Kwa mtoto mkubwa zaidi, Makambako imo katika Wilaya ya Njombe, kwa hiyo msajili wenu ni wa ofisi ya Mkuu wa Wilaya huko Njombe mjini. Tena maombi yaweza kuanzwa kwa mtandao wa RITA. Kama mtoto alizaliwa nyumbani, kusanyeni ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule, barua ya mtendaji.

Pili, jina. Mtoto ana jina la ubatizo, ana jina la nyumbani, na shuleni aliandikishwa kwa jina la babu. Kwetu wote twajua ni mtoto yule yule. Afisa aliye mbali aona watoto watatu. Tazameni karatasi zote za mtoto, herufi kwa herufi. Hapa ndipo kisomo chenu kinapofanya kazi. Mkiona tofauti, msifute kwa wembe wala msiandike juu yake! Nendeni kwa wakili au mahakamani mkapate hati ya kiapo, au RITA wakasahihishe kwa njia yao.

Tatu, tarehe. Wako wazazi waliopunguza umri wa mtoto ili apokewe shule. Tarehe ya shule ikisema hivi na ya kliniki ikisema vile, ulizeni sasa, kabla ya maombi. Mmeona jinsi siku moja inavyoweza kumtoa mtoto katika sheria.

Nne, mzazi mwingine. Kama mtoto hajatimiza miaka 18, na baba yake yuko hai na hasafiri naye, baba hutakiwa kutia sahihi tamko la kukubali mtoto aende. Mtafuteni mapema, hata kama hamsemezani. Akiwa amekufa, leteni cheti cha kifo. Nawe mlezi, usitie sahihi mahali pa baba. Hilo ni kosa la jinai.

Tano, pasipoti, ambayo hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Bila cheti cha kuzaliwa hutaipata. Ndiyo maana cheti ni cha kwanza.

Sita, afya na alama za vidole. Daktari wa kumpima mtoto ni yule tu aliyeteuliwa na serikali ya Kanada. Barua ya daktari mwingine, hata akiwa bingwa, haikubaliwi kwa kazi hii. Mtoto wa miaka 14 au zaidi hutoa alama za vidole na kupigwa picha katika kituo cha maombi ya viza. Kwa hiyo wekeni akiba ya nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, ya mtoto na ya anayemsindikiza.

Saba, ushahidi wa mapenzi. Afisa hutaka kujua kama mzazi amekuwa mzazi kweli. Tunzeni stakabadhi za fedha alizoleta, picha, ripoti za shule alizotumiwa. Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa na mfasiri anayekubaliwa.

WAJANJA

Fomu za serikali ya Kanada hazinunuliwi. Hupatikana bure katika mtandao wake. Ada hulipwa kwa serikali yenyewe. Anayetaka malipo kwa kumshauri mtu juu ya jambo hili sharti awe wakili au mshauri mwenye leseni. Akija mtu Makambako, amevaa suti, akasema ana "nafasi za watoto" ng'ambo, mwulizeni: Leseni yako iko wapi? Mzazi wa mtoto ni nani huko? Akikosa jibu, mfikisheni kwa mtendaji au polisi. Kumchukua mtoto kwa hila akatumikishwe ni biashara ya binadamu, nayo imekatazwa na sheria ya Tanzania tangu mwaka 2008.

NCHI NYINGINE

Msiichukue sheria ya Kanada mkaipeleka mahali pengine. Uingereza, mtoto anayefuata mzazi aliyepata ukaazi kwa kawaida awe chini ya miaka 18. Marekani, mtoto ni aliye chini ya miaka 21 na hajaoa au kuolewa. Lakini mwezi Desemba 2025 Rais wa Marekani alitoa tangazo la kusimamisha viza za ukaazi kwa raia wa Tanzania kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Fundisho ni hili: sheria za wageni hubadilika kwa kalamu ya mtu mmoja. Kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni sheria ikoje mwezi huo.

Kumbukeni pia sheria yetu wenyewe. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa pamoja. Ukaazi wa kudumu haumwondolei mjukuu wako Utanzania. Lakini akiwa mtu mzima akachukua uraia wa Kanada, huo wa Tanzania ataupoteza. Na ajue hivyo kabla ya kuchagua.

NENO LA MWISHO KWA WALEZI

Wako bibi wanaoficha cheti cha mtoto chini ya godoro kwa sababu hawataki aende. Mimi siwalaumu. Umemlea tangu hajaota meno. Ni yeye anayekuchotea maji na kukusomea barua. Lakini cheti ni cha mtoto, si cha kwako. Ukitaka kukataa, kataa waziwazi. Keti na mzazi wake, semezaneni, na mtoto mwenyewe aulizwe. Mtoto wa miaka 12 ana neno la kusema. Pengine atasema anataka kwenda. Pengine atasema, "Nimalize kwanza darasa la saba." Msikilizeni. Na kama akienda, mzazi na akuahidi mbele ya wazee nani atakutunza wewe unayebaki, maana sheria ya Kanada imemwahidia mtoto matunzo, wewe haikukutaja.

MASWALI YA DARASANI

1. Mtoto alifika Kanada kwa mzazi wake akiwa na miaka 12. Ahadi ya mdhamini itakwisha akiwa na miaka mingapi? Na akifika akiwa na miaka 20 je?

2. Kwa desturi yetu mtoto wa dada yako unamwitaje? Katika karatasi ya Kanada utamwandikaje?

3. Baba wa mtoto amekufa, mama yu hai huko Iringa. Je, shangazi aliyeko Kanada anaweza kumdhamini kama yatima? Toa sababu.

4. Ukirudi nyumbani leo, chukua karatasi zote za mtoto unayemlea. Nakili katika daftari jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa kama zilivyo katika kila karatasi. Je, zinafanana? Ulete daftari darasani siku ya somo.

Kwa leo tumefika mwisho. Someni tena maneno matano ya ubaoni, na aliyejua amsaidie asiyejua. Kwaherini, mabibi na mabwana, tuonane katika somo lijalo.